Naomba ushauri: mahafali Jumamosi, wachezaji wangu wamenishinda

Habari wakuu. Nafundisha kikundi cha ngoma kwenye sekondari moja hapa Dar, vijana 14 wa kidato cha pili na cha tatu. Mahafali ya kidato cha nne ni Jumamosi ijayo, tunatakiwa kucheza sindimba, ile ya Wamakonde, na jamani nimechoka.

Wavulana wanaona aibu kukata kiuno mbele ya wasichana. Wasichana nao wanacheka mpaka wanakaa chini. Nikigeuka tu kuongea na wapiga ngoma, huku nyuma mtu ashaingiza amapiano. Jana binti anayeongoza mstari wa mbele, ambaye ndiye anajua wapi tunageuka, kanuniana na mwenzake kisa kanga ya kujifunga kibwebwe. Akakaa kwenye benchi mazoezi yote anachezea kamba za viatu. Bila yeye mstari unapinda kama nyoka.

Nimefoka, nimebembeleza, soda nimenunua kwa hela yangu (mkuu wa shule kazi yake kusifia tu).

Mliowahi kufundisha rika hili, nibadilishe kiongozi sasa hivi au nimvumilie? Na hiyo aibu ya wavulana mliitoaje?