Mrejesho: picha ya bluu iliyogeuka njano

Wakuu, niliuliza kwa nini sayanotaipu yangu (picha ya bluu inayochapwa kwa mwanga wa jua kwenye karatasi iliyopakwa dawa yenye chuma) iligeuka njano baada ya kuisuuza. Mliosema ni sabuni ya unga mlipatia: magadi yaliyomo yanaila ile bluu. Safari hii nimetumia maji matupu na matone ya siki, nikasuuza hadi yakatoka safi. Bluu imekolea kama wino!

Nikajaribu na picha ya chumvi, ile ya Talbot, Mwingereza mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha. Karatasi inalowekwa maji ya chumvi, ikikauka inapakwa nitrati ya fedha, kisha inawekwa juani picha itokee. Hapa kusuuza kwa maji peke yake hakutoshi. Bila fiksa, dawa ya kuondoa chumvi za fedha zilizobaki, inazidi kuwa nyeusi ikipata mwanga. Inatoka kahawia, haing'ai, maana fedha imezama kwenye nyuzi za karatasi. Vidole navyo vyeusi, mama mkwe anauliza nimeanza lini kazi ya gereji.

Picha ya ute wa yai, ile ambayo karatasi hupakwa ute kwanza, bado sijaijaribu. Mayai yameliwa.