Naomba ushauri: mpwa wangu aanze na Superman yupi?

Wadau, habari za jioni. Mimi ni mtu wa Henry Cavill, aliyeanza kuigiza Superman 2013, sibanduki. Ile filamu mpya ya mwongozaji James Gunn, ya 2025, niliiendea nimenuna. Lakini Krypto, mbwa mtundu yule, alinimaliza pale anapomburuta bwana wake kwenye theluji. Na Corenswet, Superman wa sasa, nakiri shingo upande, ameitendea haki.

Tatizo ni mpwa wangu wa miaka minane. Ameiona kibanda cha video hapa Katwe, Kampala, VJ (yule anayesimulia filamu juu ya sauti) akiitafsiri kwa Kiganda na kumpa mbwa maneno yake mwenyewe! Sasa kwake Superman ni vichekesho tu. Nimwonyeshe ya Cavill? Pale adui yake Zod anapovunjwa shingo, dada yangu atanila mzima. Nyie wenye watoto mlifanyaje?