Naomba ushauri: kazi za usiku na kuiwasha upya seva

Assalaam aleikum wataalamu. Nasimamia seva ndogo ya Ubuntu kwenye nyumba ya wageni Shela, hapa Lamu. Aliyeiunga mwanzo aliacha mstari huu kwenye krontabu ya ruti (orodha ya kazi za ratiba za msimamizi mkuu wa mashine):

0 2 * * * /usr/local/bin/nakala.sh

Nia ilikuwa nakala ya akiba ya data ichukuliwe saa nane usiku. Ila saa ya mashine iko UTC (saa ya kimataifa) nasi tuko mbele kwa masaa 3, basi kazi huanza saa kumi na moja alfajiri, mpishi ashaamka anaingiza hesabu za sokoni. Mfumo huwa mzito kama mashua iliyopwelewa. Hilo dawa yake naijua, timedatectl, amri ya kuweka majira ya mashine.

Kinachoniumiza kichwa ni umeme. Ukikatika usiku, cron, programu inayoendesha krontabu, hairudii kazi iliyoipita. Asubuhi hakuna nakala wala onyo. Nasikia taima ya systemd (kisimamizi cha huduma za Linux) yenye OnCalendar, yaani saa ya kazi, na Persistent=true hufidia kazi hiyo mashine ikishawaka. Nihamie huko, au anacron (ratiba ya mashine zisizowaka muda wote) yatosha?

Tena kuna masasisho ya kerneli, kiini cha mfumo. Faili /var/run/reboot-required, ishara kwamba mashine yataka kuwashwa upya, imekaa pale muda mrefu. Unattended-upgrades, programu ya masasisho ya kujiendesha, yaweza kuiwasha mashine upya bila mtu kwa saa nitakayoiweka kwenye Automatic-Reboot-Time, lakini nachelea iangukie katikati ya nakala. Mnatenganisha kwa saa tu, au kuna kufuli la uhakika? Mimi naishi Amu mjini, na mashine isipoamka, kupata mashua ya Shela usiku huo ni shughuli.

Mwenye uzoefu anisaidie, hata kwa mfano wa faili yake.