Gari linachemsha kwenye foleni lakini likitembea linapoa: je, kweli ni gasketi?

Mkazi wa Kimara

Wakuu, habari zenu. Naomba mawazo yenu kabla sijafanya uamuzi utakaonigharimu fedha nyingi. Nina gari la familia la viti saba, injini ya petroli ya lita mbili, la mwaka 2005, ambalo tunalitumia kupeleka watoto shule na kwenda kazini mjini. Tangu mwishoni mwa Januari gari limeanza kuchemsha, lakini halichemshi wakati wote, na hilo ndilo linalonichanganya. Nikitoka Kimara alfajiri kabla foleni haijashika, mshale wa temperecha hukaa chini ya katikati hadi Posta bila kutikisika. Jioni nikirudi, nikikwama Magomeni au Ubungo kwa muda wa robo saa huku kiyoyozi kikiwaka, upepo wake huanza kuwa wa uvuguvugu, kisha mshale hupanda taratibu, na nisipokizima hukaribia alama nyekundu. Foleni ikifunguka, baada ya kilomita moja hivi unashuka wenyewe.

Nimekwenda gereji mbili. Ya kwanza waliondoa thamostati, ile vali inayofungua na kufunga njia ya maji kwenda kwenye rejeta kulingana na joto, wakasema nchi yetu ni ya joto na kifaa hicho kiliwekwa kwa ajili ya nchi za baridi, wakabadilisha na mfuniko wa rejeta. Nafuu ilikuwa ya siku mbili. Ya pili wanasema gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake cha juu, imekufa na injini ifunguliwe. Nilipouliza wamepimaje, nikajibiwa kwamba gari linalochemsha ni gasketi tu. Maji yanapungua kidogo sana, kama kikombe kimoja kwa wiki mbili, na huwa naongeza ya kisima cha nyumbani. Oili ni safi, wala sijaona moshi mweupe. Feni zipo mbili na nimewahi kuziona zote zikizunguka, kwa hiyo sikuzitilia shaka.

Dereva wa Mbagala

Pole sana, mkuu. Langu lilikuwa na tabia hiyohiyo mwaka juzi. Fundi aliunganisha feni moja kwa moja kwenye swichi ya gari, zikawa zinazunguka muda wote injini inapowaka, na tangu hapo sijasumbuka. Jaribu hivyo kabla ya kukubali injini yako ifunguliwe.

Fundi umeme wa magari, Tabata

Ndugu wa Kimara, umejieleza vizuri kuliko wateja wengi, na katika maelezo yako jibu limo karibu lote. Gari linalotembea hupata upepo wa bure unaopita kwenye rejeta. Likisimama, upepo huo hukoma, na kazi yote inabaki kwa feni. Kwa hiyo gari linalochemsha likiwa limesimama na kupoa likitembea linatuelekeza kwanza kwenye feni, umeme wake na njia ya hewa. Lingechemsha ukiwa katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa au ukipanda mlima Kitonga, ningeanza kutazama rejeta iliyoziba ndani, pampu ya maji, thamostati iliyokwama, na hiyo gasketi. Tena kiyoyozi chako kimetoa ushahidi wa pili: kondensa yake, sehemu inayotoa joto la kiyoyozi nje, imekaa mbele ya rejeta na hutegemea feni hizohizo, na ndiyo maana upepo unakuwa wa uvuguvugu kabla hata mshale haujapanda.

Unasema umeziona feni zikizunguka. Swali ni kwamba uliziona lini. Mota ya feni ina kaboni ndogo ndani zinazogusana na sehemu inayozunguka, na kaboni hizo hulika. Zikifika mwisho, mota huweza kuzunguka vizuri asubuhi ikiwa ya baridi, kisha ikakataa jioni ikishapata joto, na asubuhi ya pili ikaamka kana kwamba haijawahi kuumwa. Fundi anayelipima gari lililopoa hawezi kuliona tatizo hilo. Liache liwake palepale nyumbani, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, hadi mshale uanze kupanda, ndipo ufungue boneti.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Katika baadhi ya magari ya Kijapani yenye feni mbili, mwendo wa polepole hupatikana kwa kupitisha umeme kwenye mota ya kwanza ndipo uingie ya pili, yaani zimefungwa mfululizo, na mwendo wa kasi hupatikana relei, yaani swichi zinazoendeshwa na umeme, zinapozitenganisha ili kila moja ipate umeme wake kamili. Kwa mpangilio huo, mota moja ikifa, zote mbili husimama katika mwendo wa polepole, na iliyo nzima haizunguki mpaka injini iwe imepata joto kubwa. Mtu huona feni mbili zimelala, akalaumu relei au kompyuta, kumbe mgonjwa ni mota moja.

Kupima si kazi ngumu. Feni zikiwa zimesimama wakati zinapaswa kuzunguka, weka mita ya umeme kwenye soketi ya kila mota bila kuichomoa. Ukipata volti 12 hadi 14 na mota hiyo haizunguki, imekufa, na mara nyingi ukiigonga kidogo mgongoni kwa mpini wa bisibisi itashtuka na kuanza kuzunguka. Kwa hiyo weka vidole mbali na mapanga. Ukikosa umeme kabisa, rudi nyuma kwenye fyuzi, relei na sensa ya joto. Relei unaweza kuibadilishana na ya honi kama zinafanana umbo na namba. Ukikuta feni inazunguka kichovu na mita inasoma volti 9 wakati betri inasoma 14, umeme unapotelea njiani, kwenye soketi iliyoungua au waya wa hasi ulioshika kutu pale ulipofungwa kwenye bodi. Hapa Dar es Salaam, kwa unyevu na chumvi ya bahari, kutu ya waya wa hasi naikuta mara nyingi mno.

Kuhusu ushauri wa ndugu yangu wa Mbagala, sikubaliani nao. Feni inayozunguka muda wote huchakaza mota mapema, na nimewahi kuletewa magari yaliyounganishwa hivyo bila fyuzi na waya zikiwa zimeyeyuka hadi kwenye shina kuu la waya. Isitoshe, mota iliyokufa haitafufuka kwa sababu umeipa swichi.

Na hiyo thamostati irudishwe. Iliyotengenezewa gari lako ina namba ya nyuzi imepigwa kwenye chuma chake, mara nyingi 82, na ikishafunguka kikamilifu haizuii maji kwenda kwenye rejeta. Ukiiondoa, injini huchelewa kupata joto lake la kazi, kompyuta huongeza petroli ikidhani bado ni baridi, na mafuta yanaliwa. Katika baadhi ya injini thamostati ina sahani ya pili inayofunga njia ya mkato ya maji; isipokuwepo, sehemu ya maji ya moto huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta kabisa, na gari huchemsha zaidi kuliko awali.

Mama wa Tegeta

Nami nichangie kwa upande wa gasketi, kwa sababu yangu ilikufa kweli na dalili zake hazikufanana na zako. Gari lilichemsha tukiwa barabarani kati ya Chalinze na Morogoro, upepo ukiwa tele, na feni zilikuwa nzima. Asubuhi, kabla injini haijapata joto, mpira wa juu wa rejeta ulikuwa unakuwa mgumu kama jiwe dakika chache tu baada ya kuwasha. Maji yalipungua nusu lita kwa siku bila tone moja kuonekana chini. Fundi wangu alifungua mfuniko gari likiwa la baridi, akawasha, tukaona mapovu yanapanda mfululizo yasiyokoma, kisha akatumia kile kipimo cha maji ya bluu ambayo hugeuka manjano yakikutana na gesi ya eksosi. Yaligeuka mbele ya macho yangu, nikalipa bila kinyongo. Kaka, usikubali hedi ishushwe kabla hujaonyeshwa kitu cha namna hiyo.

Na ya kisima acha kuweka. Maji ya visima vingi vya jiji hili yana chumvi, nayo huacha ukoko kwenye vijia vyembamba vya rejeta. Weka kulanti, yale maji maalumu ya kupoza injini, iliyochanganywa tayari, au nunua ile nzito uichanganye na maji yaliyosafishwa ya betri.

Mkazi wa Kimara

Nawashukuru nyote. Nitapima Jumamosi. Naomba kuuliza jambo moja la haraka: kesho nitakuwa na watoto ndani ya gari, na likianza kuchemsha katikati ya foleni ya Ubungo ambako siwezi kuegesha, nifanye nini?

Fundi umeme wa magari, Tabata

Zima kiyoyozi, fungua madirisha yote, kisha weka hita kwenye moto wa mwisho na upepo wake juu kabisa. Mtateseka, watoto watalalamika, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili na itachota joto kutoka kwenye injini. Mshale ukigusa nyekundu, zima injini hapo ulipo hata kama watakupigia honi; matusi ni nafuu kuliko hedi iliyopinda. Usifungue mfuniko wa rejeta kabla ya nusu saa, na hata hapo ujaribu kwanza kwa kuminya mpira wa juu kuhakikisha umelegea. Mfuniko ulioandikwa 1.1, ambacho ni kipimo cha mgandamizo, hubana maji kiasi kwamba huvumilia hadi karibu nyuzi 120 bila kuchemka, na ukiufungua ghafla huchemka papo hapo na kukurukia usoni pamoja na mvuke. Wala usimwage maji ya baridi kwenye injini yenye moto, kwa maana chuma hupasuka.

Mkazi wa Kimara

Wakuu, narudi na matokeo. Jumamosi niliwasha gari uani na kiyoyozi. Feni zote zilizunguka kwa dakika kama ishirini, kisha zikasimama zote mbili kwa pamoja. Kwenye soketi ya feni ya upande wa dereva mita ilisoma volti 13.8 na mota imekaa kimya. Niliigonga mara moja kwa mpini wa bisibisi, zote zikaamka. Nikaelewa kwamba gari langu ni la ule mpangilio wa mfululizo.

Nilinunua mota ya mtumba, ikafungwa Jumapili, na hapo ndipo niliposhangaa: katika foleni gari lilikuwa afadhali, lakini barabara ilipokuwa wazi mshale ulipanda, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nilitaka kukata tamaa na kuwapigia wale wa gasketi. Kabla ya hapo nikashika kipande cha gazeti mbele ya rejeta. Upande wa feni ya zamani kilinaswa na kubaki pale. Upande wa feni mpya kilisukumwa nje. Mota hiyo ilitoka kwenye gari la aina nyingine, rangi za waya hazikulingana, na fundi aliziunganisha kinyume, kwa hiyo ilikuwa inapuliza kwenda mbele na kupigana na upepo wa barabarani. Tulibadili nafasi za waya mbili tu.

Thamostati mpya ya nyuzi 82 imerudi mahali pake, na kulanti tumejaza gari likiwa limeinuliwa pua na hita ikiwa wazi ili hewa yote itoke. Jana jioni nimekaa Ubungo dakika arobaini na kiyoyozi kikiwaka, na mshale haukuvuka katikati. Kikombe kile cha maji kilichokuwa kinapungua bado nakifuatilia. Nimeona alama ya kijani iliyokauka chini ya pampu ya maji, na wiki ijayo nitaipeleka ikatazamwe.