Parsele mupya ku Annexe, Lubumbashi: nipande miti gani ya kwetu juu ndeke (ndege) na vipepeo barudie?

mama_wa_annexe
Jambo bandugu. Tumemaliza kuzungusha klotire (ukuta) ku parsele yetu (kiwanja), huku ku njia ya Kasumbalesa. Wakati tulinunua ilikuwa pori, ukifika asubui unasikia ndeke kila fasi. Kisha mafundi bakaingia bakakata yote, bengine bakachoma makala palepale, sasa tumebakia na udongo mwekundu, visiki-visiki, na kichuguu kimoja kikubwa ku kona ya nyuma. Bwana yangu anataka pelusi (majani ya kukata) mbele, bougainvillea ku klotire na jacaranda mbili ku mlango, anasema Lubumbashi bila jacaranda si Lubumbashi. Ni nzuri, sikatae. Lakini miye nataka batoto baone zile ndeke ndogo za mdomo wa kupinda zinanyonya maua, baone vipepeo, na kinyonga bila kukimbia.

Nilizunguka ma pepinieri, kule banauzisha miche, fasi yote ni palmie, fikusi za kukata na maua ya kutoka mbali, hakuna hata mti moja wa pori. Masuku, mupundu, mulombwa, mutu anaweza kupanda ku nyumba? Visiki ning'oe? Na kichuguu jirani anasema nivunje juu ya nyoka, tena udongo yake inatoa matofali mazuri. Mvua iko karibu, nisaidieni mbele ianze.

kisiki_hai
Mama, kama visiki bado viko, usiruhusu mtu aviguse. Hapo ndipo bustani yako ilipo tayari.

Miti ya miombo, yaani ya pori letu la huku, ukikata shina haijafa, mizizi inabaki hai chini, na kiangazi kikielekea kuisha, mwezi wa tisa hivi, hata tone la mvua halijaanguka, inatoa machipukizi yenye majani mekundu mekundu. Chipukizi la kisiki linapita mche wowote wa kununua kwa sababu linakula kwenye mizizi ya mti mzima. Acha yatoke yote kwanza, kisha chagua mawili au matatu yenye nguvu, yaliyotokea chini karibu na udongo, mengine kata. Zungushia miiba kama kuna mbuzi kartieni, na waambie wanaofagia wasichome takataka hapo karibu, moto wa kiangazi ndio unaua machipukizi.

Umeuliza miti ya pori mbona haiko pepinieri. Mche wa mutondo au muputu, miti mikubwa ya miombo, miaka ya kwanza unajenga mzizi, juu unabaki mdogo sana, na kiangazi mara nyingi ile sehemu ya juu inakauka halafu inachipua tena mvua ikirudi. Nani atanunua kijiti kikavu? Tena mizizi yake inaishi pamoja na uyoga wa ardhini, huo uyoga unautafutia mti maji na chakula na mti unaulipa sukari. Mwingi wa ule uyoga tunaonunua barabarani wakati wa mvua unatokana na urafiki huo, ndiyo maana pori likiisha na uyoga unaisha. Kwa hiyo ukipanda mbegu chukua udongo kidogo chini ya mti mkubwa wa aina ileile, changanya kwenye shimo.

Sasa jacaranda. Imetoka Amerika ya Kusini, nyuki wanaenda kwenye maua yake, hilo kweli. Lakini simama chini yake uangalie majani, karibu hakuna anayeyatafuna. Watu wanaona ni sifa, mimi naona ni hasara, kwa sababu ndege wengi, hata wale wa kunyonya maua na wengi wa kula mbegu, makinda yao wanawalisha wadudu, na zaidi viwavi laini. Mutondo unaliwa na vinkubala, viwavi hao hao tunaowala sisi. Mti usiolisha kiwavi hauwezi kulea kinda. Mwachie bwana jacaranda moja kwa amani ya nyumba, ya pili muombe iwe mulunguti, mti wa kwetu.

mwana_katuba
Naunga mkono mulunguti!! Inachanua kiangazi wakati haina hata jani, maua mekundu kila tawi, ndeke za kunyonya zinashinda pale kutwa nzima juu wakati ule maua mengine ni machache. Hauitaji mbegu, kata tawi nene, acha kidonda kikauke, chomeka ardhini mvua ikianza, inashika. Ila iko na miiba, usiweke pembeni ya njia ya batoto, na zile mbegu nyekundu na nyeusi zinavutia macho lakini ni sumu, okota zikianguka.

Kwa haraka zaidi panda ile majani marefu ya maua ya rangi ya machungwa yanakaa duara duara kwenye shina, wa shule banaita Leonotis, inaota yenyewe ku mashamba ya zamani, kusanya mbegu bure. Utaona ndeke mwaka huuhuu. Na weka mti wa ndimu. Ndimu si ya pori letu lakini kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano anataga ku majani yake, mtoto wake akiwa mdogo unazani ni mavi ya ndeke, akikua anageuka kijani. Watu banapuliza dawa juu ya huyo. Usipulize, mti ukishakuwa mkubwa unapoteza majani machache tu, na ndimu zinakuja.

Kitu ya kukatala ni lantana na yale maua makubwa ya manjano ku njia zote, tithonia. Vipepeo vinapenda, nimeona, lakini vyote vimetoka Amerika na vikiingia ku pori vinafunika kila kitu.

mzee_likasi
Mimi napingana kidogo na hii furaha. Nyoka wako, huku kwetu hata koboko mweusi yuko, na mama mwenye watoto haezi kuambiwa aache majani yalale kila mahali. Fagia mbele na pembeni ya nyumba, paonekane. Majani yote peleka nyuma, huko chini ya machipukizi, yaoze, ndege waparue watafute wadudu. Magogo na matofali usirundike karibu na ukuta.

Kichuguu inategemea umbali. Mchwa wake wanakula mbao kavu, kikiwa karibu na nyumba watafika kwenye milango na dari. Kama kweli kiko kona ya nyuma kiache. Mvua za kwanza nswa (kumbikumbi) wakiruka utaona ndege wa kila aina, na watoto watakula pia. Udongo wake una rutuba kuliko uliobaki, na miti inayoota juu yake mara nyingi si ile ya chini. Matofali nunua.

mama_wa_annexe
Aksanti sana bote. Nimetoka kupima, kichuguu iko mbali na nyumba, inabakia. Mzee wa jirani alikuja kuangalia visiki, moja anasema ni mutondo, ingine mupundu, na kweli mutondo imeshaanza kutoa majani mekundu. Bwana amekubali mulunguti. Imebakia masuku, batoto banalilia yale matunda.

kisiki_hai
Masuku mama usitunze mbegu, ikikauka imekufa. Kuleni, osha mbegu, panda siku zilezile, na udongo wa chini ya musuku, mti wake, kama nilivyosema. Panda nyingi, kwa sababu kuna miti dume na miti jike, dume haizai hata siku moja, na huwezi kujua mpaka ichanue, itachukua miaka. Wakati unangojea weka sahani pana ya maji chini ya mutondo, kiangazi ndege wanateseka, badilisha maji kila siku mbili mbu wasizalie humo.

mwana_katuba
Na jiwe ndani ya sahani, juu nyuki zisizame.