Namba zinajibu, majina hayajibu, halafu mtu ananiambia ZIMA, WASHA?!

Wakuu, huyu anayeniuzia intaneti simtaji. Mnamjua. Nusu ya jukwaa hili mko kwake, nusu nyingine mlimkimbia.

Nimekata simu sasa hivi, mikono inatetemeka. Kurasa hazifunguki. Napiga pingi, yaani nabisha hodi, kwa 8.8.8.8, namba ya seva ya Google, majibu yanarudi fasta. Naweka jina la tovuti yoyote ile, kimya. Aliyewahi kushika ruta anajua hapo njia ni nzima, kilichokufa ni DNS, ile inayogeuza jina la tovuti kuwa namba. Nikamweleza yule kijana wa huduma kwa wateja taratibu, kwa heshima zote. Akanijibu: "Kaka, zima ruta, subiri kidogo, washa."

ZIMA, WASHA!

Ruta yenyewe haijui jina hata moja! Inajitangaza kwa DHCP, ule utaratibu wa kuvigawia vifaa anwani, kwamba seva ya DNS ni yeye, 192.168.1.1. Simu ikimuuliza, naye anakimbia kumuuliza seva wa kampuni, na huyo ndiye aliyelala. Nikizima ruta mpaka kiyama, seva wao kule ataamka?

Nikaingia kwenye mipangilio niweke 1.1.1.1, DNS ya Cloudflare. Kisanduku cha kijivu, hakibonyezeki. Wamekifunga! Nikaiweka kwenye kompyuta moja kwa moja. Pingi ya 1.1.1.1 inajibu, nikiiuliza jina, kimya. Nikawasha DNS ya kupitia HTTPS kwenye kivinjari, ile inayotumia poti 443, mlango ule ule wa kurasa za kawaida, kila kitu kikafunguka hapo hapo. Maana yake maswali yote ya poti 53, mlango wa kawaida wa DNS, wanayadaka njiani wanayapeleka kwa maiti wao. Nalipia laini, halafu hata wa kumuuliza nachaguliwa?

Na bado, "zima, washa".

Mzee_wa_Pakiti: Umemaliza kila kitu mkuu. Siku akiwa hai ndiyo balaa zaidi, ukikosea jina hakwambii halipo, anakutupa kwenye ukurasa wa matangazo yake.

chumvi_kali: Ngonjera yote hii kwa DNS? Ungezima ukawasha sasa hivi ungekuwa umeshalala.

Mleta uzi: @chumvi_kali wewe ndiye uliyepokea simu yangu, sema tu. Narudia: mtu anaambiwa namba zinajibu, majina hayajibu, anasema ZIMA, WASHA!

binti_swichi: Weka DNS ya faragha kwenye simu, ipo tangu Android 9. Inapita poti 853, hawaigusi.

Mzee_wa_Pakiti: Dada, pale unaandika jina la seva, si namba. Hilo jina nani analitafuta kwanza? Huyo huyo maiti.

kebo_ya_bluu: Nyie mnalia na ruta za nyumbani, njooni huku kazini kwenye ruta za Cisco. Ukikosea herufi moja kwenye amri, ruta inadhani umetaja jina la kompyuta, inaanza kulitafuta kwa 255.255.255.255, yaani kuuliza kila kifaa kilicho karibu. Skrini imeganda, bosi amesimama nyuma yako. Na imetoka kiwandani hivyo!

chumvi_kali: Ctrl+Shift+6 inakata. Halafu andika `no ip domain lookup`, iache kutafuta majina, ukalale na wewe.

binti_swichi: Ukiandika hiyo, hata majina halali hayapatikani tena kwenye hicho kifaa. Weka `transport preferred none` kwenye laini za kuingilia kifaa, isijaribu kuunganisha neno lililokosewa, DNS ibaki.

kebo_ya_bluu: Nina vifaa kibao, niingie kimoja kimoja?

chumvi_kali: Kwani unalipwa kufanya nini?

seva_ya_tatu: Hayo yote madogo. Kuna mtu kwetu kahamisha tovuti kwenda anwani mpya bila kushusha TTL, ule muda wa seva nyingine kukumbuka anwani ya zamani. Imekaa sekunde 86400. Siku nzima wateja wanatua kwenye mashine ya zamani, yeye kwake inafunguka vizuri, anasema "mbona iko sawa?"

Mzee_wa_Pakiti: Huyo afukuzwe.

binti_swichi: Kabla hajafukuzwa awaachie nywila za akaunti ya domeni, pale jina la tovuti liliposajiliwa. Wetu aliondoka nazo.

seva_ya_tatu: Subiri, akaunti iko kwa jina la nani?