Acheni kuchokonoa staki: &fmt + 1 si njia ya kusoma hoja!

Wakuu, hivi mpaka leo mtu anaandika hivi kwenye maktaba ya C anayoinadi kuwa "inakubali mashine yoyote"?

void logi(const char *fmt, ...) {
    int *p = (int *)&fmt + 1;

Yaani hoja (thamani zinazopewa funksheni) zinazofuata fmt anazisaka mwenyewe kwa kuhesabu anwani za kumbukumbu. Ikipelekwa kwenye prosesa ya RISC-V ikatema takataka, lawama kwa kompaila. stdarg.h, yenye va_list na va_arg za kusoma hoja zinazoingia kwenye zile nukta tatu (...), imo kwenye C sanifu tangu 1989! Ujanja huo ulikubali kwenye x86 ya biti 32 kwa sababu kule hoja zote zilipangwa kwenye staki (eneo la kumbukumbu la muda la funksheni), moja baada ya nyingine. RISC-V hoja za mwanzo zinakaa kwenye rejista (vihifadhi vidogo ndani ya prosesa), a0 hadi a7. &fmt inakupa anwani ya nakala tu, na kinachoifuata ni chochote kile.

Na msiseme "basi nitazisoma rejista mwenyewe". Chukua ARM ya biti 32, logi("%f", 2.5): fmt iko r0, r1 inarukwa, 2.5 inakaa r2 na r3, maana double (namba ya desimali ya baiti 8, inayojaza rejista mbili) lazima ianzie rejista ya namba shufwa. Nani kati yenu angekumbuka kuiruka r1? va_arg inakumbuka.

Kinachoudhi zaidi ni kutangaza funksheni bila zile nukta tatu. Kwenye Mac za M1, hoja zinazoingia kwenye nukta hupita kwenye staki tu. Zilizotajwa kwa jina hupita kwenye rejista. Sasa open(), ile ya kufungua faili, ni ya nukta tatu. Mtu anaiita kutoka lugha nyingine, anaitangaza kama ya hoja tatu za kawaida, mode (ruhusa za faili) inatupwa kwenye rejista huku open inaitafuta kwenye staki. Faili linazaliwa na ruhusa za ajabu. Kosa halionekani, onyo hakuna.

AVR (chipu ndogo za biti 8) nako ni msiba mwingine. Kule int ni baiti 2, long ni 4. Andika printf("%d %s", 70000L, jina) uone: %d inachukua baiti 2 tu na kuchapa 4464, kisha %s inaokota nusu iliyobaki, yaani 1, na kuifanya pointa (anwani ya kumbukumbu). Anwani 1 kwenye ATmega328P, mojawapo ya AVR, ni rejista r1, ambayo avr-gcc huiweka sifuri. Kwa hiyo jina linatoka tupu, na watu wanakesha wanakagua jina ambalo halina kosa lolote! Sahihi ni %ld, au PRId32 kama umetumia int32_t. (Ukiona ? mahali pa %f, huo ni ugonjwa tofauti: wakati wa kulinki ongeza -Wl,-u,vfprintf -lprintf_flt -lm.)

Halafu ninyi mnaoita vsnprintf (printf inayoandika kwenye bafa na kupokea va_list) mara mbili kwa ap, yaani va_list, ileile, kwanza kupima urefu kisha kuandika. RISC-V inapita, va_list kule ni pointa tu na inapitishwa nakala yake. x86-64 ni safu yenye muundo mmoja wa baiti 24, inapitishwa anwani yake wala si nakala, kwa hiyo mzunguko wa pili ap imeshasogea. va_copy, ya kunakili ap kabla ya kuitumia, ipo tangu C99, na kila nakala ifungwe kwa va_end.

Wekeni __attribute__((format(printf, 1, 2))) kwenye tamko la logi ili kompaila ilinganishe fmt na hoja, mkompaili kwa -Werror=format -Werror=implicit-function-declaration. Kabla haijapita hapo, mtu asilete swali la "bodi yangu ina shida gani".